Jinsi ya kuitambua pawasaplai inayoumwa kabla haijaondoka na diski

Mashine namba tano, kompyuta ya mezani ya shule, ilikuwa na vituko. Asubuhi ukibonyeza kitufe, feni inazunguka sekunde moja kisha kimya. Ukibonyeza tena, vilevile. Mara ya nne au ya tano inakubali, na ikishakubali inapiga kazi mpaka jioni bila kunung'unika. Mwalimu wa zamu alikwisha kuizoea kama dereva anavyozoea gari lake bovu. "Fundi, hiyo ina masharti yake, wewe iache." Nikaiacha. Miezi miwili baadaye diski ikafa ikiwa na alama za mitihani za muhula mzima, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja kuhusu pawasaplai, lile boksi la ndani ya kompyuta linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kulisha mashine. Iliyokufa kabisa haina neno: unajua imekufa, unanunua nyingine, mchana huohuo kazi inaendelea. Ya kuogopwa ni ile inayoumwa na bado inawaka. Inapeleka umeme mchafu kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski kila siku, na wewe unalaumu Windows, unalaumu virusi, unabadilisha memori, unalipa fundi mara tatu. Mwongozo huu ni wa kuisaka hiyo. Ni kwa yeyote anayetunza kompyuta za mezani, ziwe za nyumbani, za duka la stesheni, za shule au za ofisi ndogo, na ambaye ana bisibisi ya nyota, tochi na mita ya kawaida ya kupimia umeme.

Onyo kwanza. Ndani ya boksi la pawasaplai kuna kapasita kubwa, yaani vikopo vya kuhifadhi umeme, moja au mbili, zinazobeba takribani volti 325. Katika aina nyingi za kisasa hufika 380 hadi 400. Volti hizo hazikimbii pale unapochomoa waya ukutani. Huwa kuna rizista ya kuzimwaga taratibu, lakini rizista nayo huungua. Kila hatua iliyomo humu inafanyika boksi likiwa limefungwa. Anayetaka kulifungua ajifunze kwanza kwa fundi wa vifaa vya umeme, akiwa amesimama pembeni yake.

Hatua ya kwanza: anza ukutani

Mafundi wengi huanza ndani ya keisi, kasha la kompyuta. Mimi huanza kwenye soketi, kwa sababu nimeshaona chumba ambamo pawasaplai mbili mpya zilikufa ndani ya mwaka mmoja, na kosa halikuwa lao.

Pima umeme wa soketi mara tatu kwa siku: asubuhi na mapema, saa nane mchana, na saa mbili usiku watu wanapopika na kuwasha televisheni. Kwetu kiwango cha kawaida ni volti 230. Ukikuta 215 au 240 usihangaike. Ukikuta 170 saa mbili usiku, hapo pana habari. Pawasaplai ya kompyuta haifanyi kama balbu, kwamba umeme ukipungua nayo inafifia. Yenyewe imeundwa itoe nguvu ileile nje hata kama kinachoingia kimepungua, hivyo hulipia upungufu huo kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Mashine inayovuta wati 200 huchukua ampea 0.87 kwenye volti 230. Kwenye volti 160 huchukua 1.25. Tofauti inaonekana ndogo, ila joto linalozaliwa kwenye nyaya na koili hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo hapo limeongezeka maradufu. Fikiria hilo kila usiku, miaka miwili, chumba chenyewe kina nyuzi joto 32.

Geuza mashine uangalie kibandiko cha pawasaplai kwenye mstari wa umeme unaoingia. Iliyoandikwa 100-240V inavumilia umeme kupungua sana. Iliyoandikwa 200-240V au 220V peke yake ikifika 170 iko nje ya mipaka yake, hata ikiendelea kuwaka. Kama mtaa wenu una umeme unaoshuka, mstari huo mmoja una thamani kuliko nakshi zote za kwenye boksi lake.

Ukiwa hapohapo nyuma, tafuta swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Ipo kwenye pawasaplai za zamani na kwenye za bei ya chini. Ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu, saketi ya ndani inayozidisha volti mara mbili inaelekea volti 650 kwenye kapasita ambazo hazikuandaliwa kubeba hata 500. Utasikia mlio kama wa baruti, kisha moshi. Mashine za mtumba zilizotokea Marekani huja zikiwa hivyo. Nikishaiweka 230 huibandika utepe, kwa sababu mwanafunzi akiona swichi hawezi kutulia.

Sasa ethi, yaani waya wa ardhini. Pitisha mgongo wa vidole kwenye chuma cha keisi mashine ikiwa imechomekwa. Ukihisi kama inakutekenya, waya wa ardhini haupo au haujafika. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo mbili zinazochuja kelele za umeme, moja kutoka waya wa moto, nyingine kutoka nyutro, zote zimeishia kwenye chuma cha boksi. Zimewekwa kwa makusudi, zikitegemea kwamba chuma hicho kimeungwa ardhini. Ethi isipokuwepo, keisi inaning'inia katikati, karibu volti 115, yenye mkondo mdogo usioweza kukuua lakini unaotosha kuunguza tundu la USB au la kioo siku utakapochomeka printa yenye ethi nzuri. Pawasaplai haina kosa hapo. Kosa ni la ekstensheni ya pini mbili, au la yule aliyesukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Sote tumewahi kufanya hivyo, na sote tuache.

Hatua ya pili: iangalie, isikilize, inuse

Zima, chomoa waya, mulika tochi kupitia matundu ya nyuma. Unatafuta vitu vitatu: vumbi lililogandamana kama blanketi, feni isiyozunguka kwa wepesi ukiisukuma na kijiti, na kapasita zilizovimba kichwani. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Iliyochoka inatuna, na nyingine hutoa maji ya kahawia yanayokauka kama chai iliyomwagika.

Usidhani kuvimba ni ugonjwa wa vitu vya bei poa peke yake. Kati ya 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu zilienea duniani katika madabodi na pawasaplai za makampuni makubwa. Dell, mwaka 2005, walitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha kompyuta zao za OptiPlex za aina ya GX270 na GX280.

Kinachoua kapasita hasa ni joto, na hesabu yake ni nyepesi. Kanuni wanayotumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua, umri unazidi mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, inaweza kufika saa 32,000. Kwa matumizi ya saa kumi kwa siku hiyo ni karibu miaka tisa. Mwache huyohuyo afanye kazi kwenye nyuzi 85 kwa sababu feni imezibwa na vumbi: saa 8,000, miaka miwili na kidogo. Brashi ya rangi ya shilingi elfu mbili ndiyo inayosimama kati ya hizo namba mbili. Mimi husafisha kila baada ya miezi mitatu, na huku Pwani upepo wa bahari ukizidi, kila miwili, kwa kuwa vumbi lenye chumvi hunyonya unyevu na kutafuna vichwa vya nyaya. Ukitumia blowa, shikilia feni kwa kijiti isizunguke ovyo.

Halafu kuna mijusi. Boksi la pawasaplai lina joto na giza, na mbu huvutwa na taa za mashine, kwa hiyo mjusi kafiri anaona amepata nyumba yenye chakula. Siku akikanyaga sehemu mbili zisizopaswa kukutana, anakufa yeye na pawasaplai kwa pamoja. Zibeni matundu ya nafasi za kadi yasiyotumika, yana vibati vyake maalumu. Usizibe ya pawasaplai yenyewe.

Kwa upande wa sikio: feni inayokoroma dakika za mwanzo kisha inanyamaza, mafuta yake yamekauka. Mlio mwembamba kama wa chiriku unaobadilika ukifungua programu nzito ni koili, na mara nyingi hauna madhara. Ila mlio wa tik-tik-tik unaorudi kila sekunde mashine ikiwa imezimwa, waya umechomekwa, ni pawasaplai inayojaribu kuamka na kushindwa. Harufu ya samaki au ya plastiki iliyoungua haihitaji maelezo.

Hatua ya tatu: andika dalili, usitegemee kumbukumbu

Chukua daftari, kila mashine ukurasa wake. Tarehe, saa, kilichotokea, umeme ulikuwaje. Baada ya wiki tatu ukurasa wa mgonjwa unajitokeza wenyewe.

Dalili ambazo mimi huzihesabu dhidi ya pawasaplai: mashine kukataa kuwaka ikiwa imepoa na kukubali ikipata joto, kujizima au kujiwasha upya unapofungua video au mchezo, kamwe siyo unapoandika barua, diski ya nje kujitoa na kujirudisha, diski ya ndani kulia kama inaanza upya katikati ya kazi. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na namba tano. Kapasita iliyokauka huwa mbaya zaidi ikiwa baridi, ikipata joto inapata nafuu, ndiyo maana mchana mashine inaonekana nzima.

Dalili ambazo watu huisingizia bure: saa na tarehe kurudi nyuma ni betri ndogo ya duara kwenye madabodi, CR2032. Mashine kuwa nzito ni diski au memori. Na tukio namba 41 kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, ambalo wengi wanalichukua kama hati ya mashtaka, linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagana. Hata mtoto akichomoa waya kwa mguu, 41 itaandikwa.

Kipimo changu ninachokipenda hakina gharama yoyote. Umeme ukipepesa, ule wa taa kukonyeza mara moja, tazama nani ameanguka. Viwango vya ATX, vinavyofuatwa na pawasaplai za kawaida za kompyuta za mezani, vinaitaka pawasaplai ishikilie mzigo wake wote kwa takribani milisekunde 16 au 17 baada ya umeme kukatika, nguvu hiyo ikitoka kwenye ile kapasita kubwa. Wimbi moja la umeme wetu ni milisekunde 20. Kwa hiyo mpepeso mrefu unaweza kuangusha mashine zote, hata nzima, na hilo si kosa. Lakini chumba kina mashine kumi na nne za aina moja, umri mmoja, soketi za ukuta mmoja, kumi na tatu zimebaki na moja imeanguka. Hiyo moja kapasita yake kubwa imepungukiwa. Ikirudia mara ya pili wiki hiyohiyo, huwa sisubiri mita.

Hatua ya nne: mita

Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kiwango cha 20. Ncha nyeusi ichomeke kwenye waya mweusi wowote, nyekundu iguse waya unaopimwa kupitia nyuma ya kichwa kikubwa cha pini 24, kikiwa kimechomekwa kwenye madabodi. Polepole, usiunganishe pini mbili kwa ncha moja. Pima zambarau kwanza mashine ikiwa imezimwa lakini waya uko ukutani. Mengine pima ikiwa imewaka.

Zambarau, umeme wa kusubiri: 4.75 hadi 5.25
Njano, volti 12: 11.4 hadi 12.6
Nyekundu, volti 5: 4.75 hadi 5.25
Chungwa, volti 3.3: 3.14 hadi 3.47
Buluu, hasi 12: kati ya -10.8 na -13.2
Kijivu: karibu 5 pale pawasaplai inapotangaza kwamba iko tayari
Kijani: volti kadhaa mashine ikiwa imezimwa, karibu sifuri ikiwaka

Nyaya za baadhi ya pawasaplai mpya ni nyeusi zote. Hapo utafuata nafasi ya pini badala ya rangi, kwa kutumia mchoro wa kichwa cha ATX.

Zambarau isipokuwepo, usipoteze muda na kitufe cha kuwashia: mashine haina hata nguvu ya kukusikia. Zambarau ikiwepo, kijani kikashuka ulipobonyeza kitufe na njano isitoke, madabodi imeomba na pawasaplai imekataa. Chomoa vifaa kimoja kimoja kabla ya kuihukumu, maana hukataa pia pale kitu kingine kinapopiga shoti. Kijani kisiposhuka kabisa, kosa liko kwenye kitufe au madabodi.

Watu wengi hupima mashine ikiwa imekaa tu, wakaona 12.1, wakafunga keisi. Pima tena ikiwa kazini. Fungua video mbili, bana faili kubwa, iache dakika kumi, ndipo usome njano. Ikitoka 12.1 mpaka 12.0, safi. Ikitoka 12.1 mpaka 11.5, kitabu kinasema bado iko ndani ya mipaka, na mimi nasema naiandikia uhamisho. Inayoshuka nusu volti kwa mzigo wa ofisi haijui itafanya nini mwezi wa pili wa joto la Tanga.

Mita ina upofu wake. Haioni mawimbi madogo yanayobaki juu ya umeme mnyoofu, ambayo hayatakiwi kuzidi milivolti 120 kwenye volti 12, na 50 kwenye 5 na 3.3. Hayo yanahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Basi namba mbaya kwenye mita inatosha kuitia hatiani, lakini namba nzuri haiifutii mashtaka. Daftari la hatua ya tatu bado lina neno.

Kile kipimo cha kuunganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya, pawasaplai ikiwa nje ya mashine, kinakuambia feni inazunguka. Basi. Namba tano ingekifaulu.

Hatua ya tano: badilisha kwa muda

Chukua pawasaplai ya mashine jirani iliyo nzima, ifunge kwa mgonjwa, na ya mgonjwa itoe kabisa kwenye huduma. Usiifunge kwa mzima "kujaribu". Ndivyo unavyopata wagonjwa wawili. Siku nne bila dalili, kesi imekwisha.

Kikwazo cha hatua hii ni mashine za mtumba zilizojaa mjini. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina kichwa cha pini 8 badala ya 24, na HP EliteDesk 800 G1 ina cha pini 6. Pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii bila kebo ya kubadilishia, na kwa zile keisi nyembamba hata boksi lenyewe haliingii. Kama unanunua mashine za mtumba kumi, nunua ya kumi na moja iliyokufa madabodi kwa ajili ya vipuri. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kuna jambo moja jema kwenye OptiPlex nyingi: nyuma, karibu na soketi ya waya, pana kitufe kidogo cha kujipimia na taa. Chomoa kichwa cha madabodi, bonyeza, taa ya kijani ikiwaka pawasaplai ina uhai. Uhai, sijasema afya.

Hatua ya sita: kununua nyingine

Hapa ndipo pesa hupotea. Ukienda Kariakoo utaambiwa, "Chukua hii kaka, wati 500, elfu thelathini." Iombe uisome kibandiko mwenyewe. Acha lile neno 500, tafuta jedwali la volti na ampea. Niliwahi kushika moja yenye 12V ampea 14, 5V ampea 15, 3.3V ampea 14. Zidisha: 168, 75, na 46. Ongeza na vile vidogo, jumla haifiki 310, na hapo ni kama kila njia ingeruhusiwa kukamuliwa hadi mwisho kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa kawaida haliruhusiwi. Prosesa na kadi za grafiki za leo hula karibu chakula chao chote kutoka volti 12. Kwa kazi halisi, hiyo ilikuwa pawasaplai ya wati 168 iliyovaa koti la 500.

Kwa upande mwingine, usinunue nguvu usiyoihitaji. Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki hula wati 40 hadi 80 muda mwingi. Pawasaplai ya kweli ya wati 300 inaitosha na kusaza. Ukiwa na kadi ya grafiki, hesabu 75 za tundu la madabodi, 75 kwa kila kichwa cha pini 6, 150 kwa kila cha pini 8, kisha prosesa, kisha uache theluthi moja ya kupumulia.

Uzito? Pawasaplai nyepesi kama boksi la biskuti ina kitu imepunguziwa: koili za kuchuja, sahani za kupozea, unene wa nyaya. Lakini uzito peke yake si ushahidi, chuma cha bure ni rahisi kuongeza kuliko kapasita nzuri.

Nembo ya 80 PLUS inaeleweka vibaya mno. Mpango huo ulianza Marekani mwaka 2004 na unapima ufanisi: kiasi gani cha umeme kinafika kwenye mashine na kiasi gani kinageuka joto. Haupimi itadumu miaka mingapi. Faida yake kwetu ni ya mlango wa nyuma. Kwa mzigo wa wati 200 kwenye nusu ya uwezo, ya daraja la Bronze yenye ufanisi wa asilimia 85 inamwaga wati 35 za joto ndani ya boksi lake, ya daraja la Gold yenye 90 inamwaga 22. Joto kidogo, kapasita zinaishi. Nembo yenyewe inabandikwa hata na asiyestahili, kwa hiyo tafuta jina la modeli kwenye orodha ya mpango huo mtandaoni kabla ya kutoa pesa.

Namba nyingine ya kupotosha ni ile ya saa 100,000 za wastani kati ya hitilafu na hitilafu. Ukigawanya unapata miaka 11 na zaidi, ukadhani ndiyo umri wake. Sivyo. Inazungumzia kundi la pawasaplai zikiwa katika umri wao wa kati, si uzee wa moja. Chumba cha mashine 20 zinazowaka usiku na mchana, kwa namba hiyohiyo, kitazika moja au mbili kwa mwaka, na hapo ni kwa hali ya hewa ya maabara. Ndiyo maana mimi huuliza dhamana kwanza. Mtengenezaji anayetoa miaka mitano, saba au kumi amekwisha kupiga hesabu zake. Dhamana ya wiki mbili "ya kujaribia" nayo ni hesabu.

Mtumba wa pawasaplai bora iliyotolewa kwenye mashine ya ofisi ya Ulaya, kwa maoni yangu, unaishinda mpya isiyo na jina. Ila ukiununua, uwashe siku tatu mfululizo ukiwa na mzigo kabla ya kuuamini na diski yenye kazi za watu. Kipya pia kifanyie hivyo, maana vifaa hivi hufa zaidi katika wiki za mwanzo na katika uzee kuliko hapo katikati.

Hatua ya saba: kufunga bila kuharibu

Kama nyaya za pawasaplai zinachomoka upande wa boksi, tumia zilizokuja nayo peke yake. Vichwa vinaweza kufanana na vikaingia vizuri, lakini mpangilio wa pini upande wa boksi hauna kiwango cha pamoja, na kebo ya kampuni nyingine inaweza kupeleka volti 12 mahali diski inaposubiri 5. Diski haitapata nafasi ya kulalamika. Kebo za kubadilishia kutoka kichwa kikubwa cha pini nne kwenda diski za SATA, zile zilizomiminiwa plastiki mwishoni, ziepuke pia. Ndani nyaya hukaribiana, zinapata shoti na kuwaka moto. Zenye kifuniko kinachobanwa juu ya nyaya ni salama zaidi.

Feni ya pawasaplai ikitazama chini na keisi iko sakafuni juu ya zulia, umeifunga pua. Inua kwa vipande vya mbao.

Hatua ya nane: ilinde

UPS, boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, ikiwa na kirekebisha volti ndiyo kinga bora kwa umeme unaopanda na kushuka. Ya VA 650 hubeba kama wati 360 hadi 390, inatosha mashine mbili za ofisi na vioo vyake, na betri yake huhitaji kubadilishwa baada ya miaka miwili mitatu. Printa ya leza usiichomeke hapo, inavuta kwa pupa inapopasha. Pawasaplai za kisasa zenye kirekebisha mkondo (PFC) pia hugombana na baadhi ya UPS za bei ndogo zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya laini: umeme ukikatika, UPS inapiga kelele na mashine inazima papo hapo. Jaribu ukiwa dukani, kwa kuchomoa UPS ukutani mashine ikiwa imewaka.

Asiye na pesa ya UPS anunue kinga ya friji. Inakata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuuachia. Haikuachii muda wa kuhifadhi kazi, lakini dakika hizo za kurudi kwa umeme ndizo zenye vishindo. Asiye na hata hiyo, mkono wake unatosha: umeme ukikatika, chomoa, ukirudi, hesabu dakika tano ukitazama taa kama imetulia, ndipo uchomeke.

Ukimaliza, chukua kalamu ya maka uandike kwenye ubavu wa pawasaplai tarehe uliyoifunga na volti ulizosoma siku hiyo kwenye njano, ikiwa imekaa na ikiwa kazini. Mwakani utakapofungua keisi kupangusa vumbi, utapima tena na kulinganisha. Ya mashine namba tano sasa inasema 12.14 na 12.08.